Msiba Nyuma ya Kamera

Siku ile ningekuwa nimeshika mchi badala ya sinia la maua, nawaambieni kweli, ningempasua nao Arimbawa kichwa, kisha ningekaa chini nimlilie. Hasira zangu ni za namna hiyo. Baba husema nimezirithi kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye aliwahi kumkimbiza seremala mpaka mtoni kwa sababu ya mlango uliopinda.

Ilikuwa sikukuu ya hekalu letu la chemchemi pale kijijini Umasari. Baba yangu ndiye kuhani wa hekalu hilo. Watu humwita Jero Mangku, hata mimi nikiwa mbele za watu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na kwa kuwa ni wa pekee tena mwanamke, mila yetu ya wilaya ya Tabanan imenipa njia moja tu: mimi siolewi, mimi naoa. Mwanamume ndiye anayehamia kwetu, anawatolea sadaka wazee wetu waliotangulia, na watoto wanakuwa wa ukoo wetu. Hata posa tunaipeleka sisi.

Na Arimbawa alikuwa amekubali! Mtu wa Buleleng, ng'ambo ya milima, ambako mwanamume akihama kwao hivyo wanamwita bibi harusi mwenye sharubu. Alikubali huku anacheka.

"Mkija kuniposa, mnipambe vizuri," alikuwa akimwambia shangazi yangu Rerod. "Mimi si wa kuchukuliwa hivihivi."

"Kwanza tukuone kama unajua kupika," shangazi humjibu.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha kwa ajili ya majarida ya wasafiri: mahekalu, chemchemi, mashamba ya mpunga. Ndivyo tulivyokutana. Nilimkuta amepanda ukuta wa bwawa letu takatifu na kamera yake, miguu inaning'inia juu ya madhabahu. Nikamwambia, "Wewe! Nyani wa msituni wana adabu kuliko wewe. Shuka!" Akashuka, akayaomba radhi maji ya bwawa, kisha akashusha kamera na kuniuliza jina langu. Alikuwa na macho ya kuuliza jina la mtu, jamani. Nikampa.

Sasa keshokutwa ya sikukuu hiyo wazee wangu walikuwa wavuke milima kwenda kumposa. Baba aliitafuta siku hiyo katika kalenda mpaka macho yakamuuma, maana siku njema za ndoa mwaka ule zilikuwa adimu. Mama yake Arimbawa hakuitaka kabisa posa yetu. Alikuwa amesema atatusikiliza tu, basi. Nasi kwa hilo tu tulishukuru.

Asubuhi ya sikukuu Arimbawa alifika mapema, kikoi cheupe, kilemba cheupe, kamera shingoni. Baba alimruhusu kupiga picha mpaka ua wa ndani, mahali ambapo mgeni hafiki, kwa sababu alishamhesabu kuwa mtoto wa nyumbani. Nikapita na sadaka yangu kichwani, mnara wa matunda na keki za mchele, nikamkonyeza. Hakunijibu. Huyu ambaye siku nyingine nikimkonyeza huangusha kifuniko cha lenzi!

Nilipotua mzigo nikamfuata.

"Bli," nikamwita. Ndivyo msichana wa kwetu anavyomwita mpenzi wake, kama kusema kaka. "Bli, umelala vibaya?"

"Mm."

"Nikuletee kahawa?"

"Baadaye, Sekar."

"Shangazi anauliza mbona bibi harusi wake leo kanuna."

Kamera ikapanda usoni. "Sogea kidogo. Unaziba mwanga."

Ninaziba mwanga! Mimi, niliyeamka usiku kupangiwa maua ya dhahabu kichwani kwa ajili ya kuongoza ngoma ya jioni! Nikamkata jicho, nikaondoka. Nikasema moyoni, huyu leo atanitambua. Kumbe hata sikujua ninachokisema.

Jua lilipokuwa utosini, ngoma za shaba zimepamba moto, gari likasimama chini ya lango. Akashuka mwanamke mnene kiasi, amevaa blauzi nyeusi iliyopauka, mkanda umefungwa shaghalabaghala. Alikuwa mama yake Arimbawa. Alipanda ngazi za lango, akafika ile ya mwisho, akasimama. Akakunja pindo la kikoi chake kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

Shangazi Rerod akamkimbilia kwa vigelegele. "Mama Arimbawa! Umetufanyia la maana. Ingia, ingia, mkwe hasimami mlangoni."

"Siingii."

"Aa, usituchukie hivyo. Hata maji ya kunywa hutaki?"

"Nimesema siingii. Niitie mwanangu."

"Mwanao ana kazi ndani, anatupiga picha. Pita ukae kivulini, nguruwe wa kuchoma yuko tayari, hata ngozi yake inalia ukiigusa."

"We mama, husikii?" Watu wa Buleleng hawazungushi maneno. Sauti yake ilipanda mpaka wapiga ngoma wa mbele wakageuka. "Nina maiti nyumbani! Mwenye maiti nyumbani anaingia hekaluni? Kwenu inaruhusiwa? Mama mkwe wangu kafa alfajiri. Bibi yake huyo mnayemwita bibi harusi wenu. Nilimpigia simu mimi mwenyewe. Akasema, nakuja mama. Kisha akazima simu. Mpaka sasa nimekaa na bibi hajaoshwa, namngoja mjukuu aliyelelewa mgongoni mwake. Haya, yuko wapi?"

Ngoma zikakatika moja moja. Vichwa vyote vikageukia ua wa ndani. Arimbawa alikuwa amepiga magoti karibu na madhabahu kuu, kamera mkononi, kilemba kimemtelemkia kidogo.

Kwetu mwenye msiba ana sebel, kivuli cha kifo kiko naye. Haingii hekaluni mpaka siku zake ziishe na atakaswe. Hili linajulikana na mtoto anayeanza kutembea. Asiyekuwa na habari ya msiba wake hana kosa, lakini yeye habari alikuwa nayo.

Baba akaweka chini kengele yake.

"Ulijua?"

"Nilijua, Jero Mangku."

"Kabla ya kuingia?"

"Kabla."

"Toka nje, mwanangu," baba akasema. Hakupaza sauti, na hilo liliniuma kuliko angempiga. Kisha akawageukia watu: maji matakatifu yaliyotekwa asubuhi yamwagwe, sadaka zote zilizokwisha kuwekwa ziondolewe, watafutwe kuku watano wa rangi tano, hekalu litakaswe upya kabla ya jioni.

Mnaelewa maana yake? Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamesuka majani ya mnazi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Sasa walikuwa wanaubomoa mnara baada ya mnara. Wa kwangu pia.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," shangazi Rerod akasema huku anatupa keki kapuni. Alikuwa analia kwa hasira. "Yaani nilikuwa namtania, Sekar. Asubuhi yote namtania, na bibi yake amelala baridi!"

Wanaume wengine walikuwa wanasema maneno mazito, kwamba mtu wa namna hii ndiye mnayetaka awe mlinzi wa hekalu baada ya Mangku. Wakanitazama mimi. Mimi ndiye niliyemleta.

Nilimkuta chini, pikipiki zinapoegeshwa, karibu na kingo za mpunga. Alikuwa ameshika funguo wala hawashi.

"Arimbawa."

Alishtuka. Sikuwahi kumwita hivyo, jina kavu, bila Bli.

"Sekar, nisikilize."

"Nikusikilize nini? Sema! Mimi nilikuwa nakuuliza kahawa, kumbe unaingia patakatifu pa baba yangu na maiti mgongoni!"

"Nilitaka nimalize asubuhi hii, niondoke kimya, niende nikamwoshe bibi."

"Kimya! Ungeondoka kimya, sisi tukaendelea kusali juu ya uchafu?"

"Ningesema baadaye."

"Baadaye lini? Baada ya posa?"

Akazitazama funguo. Nikajua nimegusa penyewe.

"Enhe. Kwa hiyo ni posa."

"Sekar, mama alikuwa anangoja sababu tu. Bibi ndiye aliyekuwa upande wetu. Yeye ndiye aliyemlazimisha mama akubali kuwasikiliza. Nilipoambiwa amekufa nikaona kila kitu kimekufa naye. Siku ya posa ingepita. Mama angesema, mmeona, wazee waliotangulia wamekataa. Nyingine ingepatikana lini? Mwakani? Wewe ungengoja?"

"Umeniuliza?"

"Nini?"

"Nakuuliza, uliniuliza kama ningengoja? Ulinifuata ukaniambia, Sekar, nimefiwa, siku imeharibika, utaningoja? Ulinifuata, au uliniambia naziba mwanga?"

"Niliogopa. Sikuwaza hata posa ingefanyikaje kwenye nyumba ya msiba."

"Uliniona mimi malaya wa kalenda! Siku ikipita natafuta mwingine!"

"Si hivyo—"

"Ndivyo! Mwanamume mzima, unavuka milima, unadharauliwa na ndugu zako, unakubali kuitwa bibi harusi kwa ajili yangu, halafu huniamini kwa mwaka mmoja? Lete hiyo kamera."

"Ya nini?"

"Lete! Hakuna picha ya leo itakayobaki. Hutauza uso wa hekalu letu ulioupiga ukiwa na sebel. Nazifuta zote, moja moja, unaniangalia."

Akaivua shingoni, akanipa. Alikuwa amenifundisha mwenyewe jinsi ya kuiwasha, na pa kubonyeza ili kufuta. Nikawasha.

Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Kitu cheupe, kitu chekundu, labda mwavuli. Nikaisogeza. Ya pili ukungu. Ya tatu, wanawake na minara yao, wote wameyeyuka kama waliopigwa nyuma ya kioo chenye mvua. Nikaendelea kusogeza. Nikajiona na mimi, nilipokuwa nimesimama mbele yake kumuuliza habari ya kahawa: madoa ya dhahabu kichwani, uso hakuna.

Arimbawa hapigi picha mbovu. Ana lenzi kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na majivuno yake yote yako hapo, kwamba jicho lake halihitaji kusaidiwa na mashine. Anaweza kukukamatia unyoya wa kuku anayekimbia.

"Hizi nini?" nikamuuliza.

"Sikuwa naona vizuri."

"Asubuhi yote?"

"Nikiitoa usoni mngeniona ninalia."

Jamani. Nilitaka kumrushia kamera yake, nilitaka kumshika. Sikufanya lolote. Nilikuwa na hasira mara mbili zaidi, maana sasa hata nafasi ya kumkasirikia vizuri alikuwa ameninyang'anya.

"Mjinga wewe," nikasema. "Mjinga, mjinga! Bibi yako analiliwa kwao, wewe unamlilia ndani ya kamera!"

"Analiliwa na nani?" Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu. Tulikuwa tumemsahau. "Bado hajaliliwa. Nimemwacha na mke wa mwanangu mkubwa, peke yake. Twende, Arimbawa. Na hili la huku limekwisha."

"Mama, halijaisha."

"Limekwisha! Mwenyewe umelimaliza, mimi sikutia mkono. Wamekutoa hekaluni kama mbwa."

"Hakutolewa kama mbwa," nikamwambia. "Baba kamwita mwanangu."

"Ni mwanangu mimi!" Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapo ndipo nilipoona kwamba na yeye hakuwa amelala wala kula. "Wewe binti, unajua kinachoniuma? Unadhani ni sharubu za bibi harusi? Majirani wacheke, nawapuuza. Kinachoniuma ni mama mkwe wangu. Mwanangu mkubwa hana mtoto, mwaka wa kumi huu. Huyu mdogo akihamia kwenu, watoto wake ni wa wazee wenu. Sasa yule bibi akitaka kurudi duniani, arudi kwa tumbo la nani? Azunguke nje ya uzio kama kuku aliyefungiwa? Alinisihi nikusikilize, nikakubali, lakini hilo hakunijibu. Amekufa hajanijibu."

Kila mtu kwetu anajua kwamba wazee hurudi kwa vitukuu vyao, ndani ya ukoo wao. Nilikuwa nimelijua tangu utoto, nikalihesabu kwa upande wetu tu. Baba yangu alikuwa analia kila siku kwamba bila mimi kuoa, bibi yangu mwenye hasira hatapata pa kurudi. Sikuwahi kujiuliza huyu wa Buleleng atarudi wapi.

Lakini hasira ilikuwa bado imenishika, na mimi hasira zikinishika husema haraka.

"Basi atarudi kwangu!"

"Nini?"

"Kwangu! Mtoto wa kwanza wa kwetu, wa pili wa kwenu. Nyumba mbili, madhabahu mbili, tutazihudumia zote. Watu wengine wanafanya hivyo siku hizi, sisi tuna kilema gani? Mngeniuliza tangu mwanzo ningewaambia. Lakini hamuulizi! Mama haulizi, mtoto haulizi, mnakaa mnaogopa kimoyomoyo, halafu mnakuja kuniharibia sikukuu!"

"Sekar," Arimbawa akaita.

"Wewe nyamaza! Sijamaliza na wewe."

Mama yake alinitazama kama anayeangalia ng'ombe mnadani. Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Baba alikuwa ameshuka, kuku mweupe kwapani, wa kwanza kati ya wale watano.

"Nimesikia," akasema. "Na bwawani wamesikia. Binti yangu hajui kuongea polepole."

"Baba, naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Niende nao. Nikamwoshe bibi."

Kuku akapapatika, baba akambana. "Ukiingia nyumba ya msiba, jioni huchezi ngoma. Huingii hekaluni mpaka utakaswe. Mwenye kuongoza ngoma ni wewe."

"Najua."

"Watu watasema Mangku kafukuza mkwe, binti kamfuata."

"Watasema hata nikibaki."

Baba akatazama kule juu, wanawake walikokuwa wanaanza kusuka upya, ngazi zimejaa majani. "Sikukuu itarudi baada ya miezi sita," akasema. "Ngoma atajifunza binamu yako. Nenda ukamsaidie mwenzako." Kisha akamgeukia Arimbawa, na sauti yake ikawa ya Jero Mangku tena. "Wewe siku zako zikiisha, utakuja utasimama mbele ya kijiji chote, utayasema haya kwa kinywa chako. Bila kamera."

"Nitakuja, baba."

"Usiniite baba bado."

"Ndiyo, Jero."

Nikaanza kuchomoa maua ya dhahabu kichwani, moja moja, nikiyaweka kwenye kiganja cha baba kilichokuwa wazi. Yalikuwa mengi. Mama yake Arimbawa alisimama akingoja, hakunihimiza. Nilipomaliza akasema:

"Msiba una vyombo vingi vya kuosha."

"Najua kuosha vyombo."

"Mtoto wa pili, umesema?"

"Nimesema."

"Buleleng ahadi hatusahau." Akaelekea kwenye gari lake. Mlangoni akageuka. "Panda naye pikipiki. Huyo akiachwa peke yake na macho hayo ataingia korongoni."

Nikapanda nyuma. Arimbawa akageuza shingo, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Usidhani nimekusamehe. Endesha."

"Na lile jina la Bli?" akauliza.

"Bli nini?"

"Naona hutaniita tena Bli."

"Endesha, Arimbawa!"

Hakucheka, nami sikucheka. Sikumshika kiuno pia. Nilishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili, nikakaa mbali kadiri kiti kilivyoruhusu. Tukapanda milima hivyo, mashamba ya mpunga yakaisha, ukungu na baridi vikaanza. Kichwani mwangu nilikuwa bado nagombana naye, napanga maneno, nitamwambia hili nikifika, na hili, na hili.

Karibu na ziwa, njia inapoanza kushuka kuelekea kwao, akapunguza mwendo bila sababu. Nikaona mabega yake yanatikisika. Safari hii hakuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Nikaachia kile chuma. Nikamkumbatia, nikambana kwa nguvu mpaka nikausikia moyo wake mgongoni. Hasira ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe.

"Lia," nikamwambia sikioni. "Ninakuona, Bli. Lia."